Pugu-Kazimzumbwi kwa Miguu Hadi Kambi ya Porini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapotangaza safari ya mwezi, maswali yanayokuja ni yale yale: maji, viatu, nyoka, nauli, mzee wangu anaruhusiwa? Tumeyakusanya hapa na kuyajibu kwa namna tulivyojifunza kwa miguu yetu wenyewe. Tafadhali soma yote kabla hujathibitisha kuja. Kama una haraka sana, basi soma walau habari ya joto na maji.

Safari yenyewe ikoje?

Tunaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, asubuhi mapema, tunatembea ndani ya msitu kama kilomita 11 hadi kambi ya porini, tunapumzika na kula, kisha tunarudi kwa njia ile ile. Jumla ni kilomita 22 hivi kwa siku moja. Mara chache kundi dogo hulala kambini, na hilo tumelieleza huko chini.

Neno "kambi" lisikupe picha ya hoteli ya mahema. Ni uwanja uliofagiliwa chini ya miti, mawe yaliyopangwa duara pa kuwashia moto, na choo cha shimo. Hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna kibanda cha soda. Chochote utakachokihitaji pale umekibeba mgongoni.

Pugu si hapo tu? Ugumu unatoka wapi?

Tungependa kila mtu aulize hili kabla ya kuja, maana wanaoumia msituni humu ni wale ambao hawakuuliza. Kutoka katikati ya jiji hadi msituni ni kilomita 25 hivi. Vilima vyake ni vifupi, hata nusu kilomita juu ya usawa wa bahari havifiki. Mtu aliyewahi kupanda mlima mkubwa huviangalia na kuona ni mazoezi ya asubuhi. Akija, anakuja na chupa moja ya maji na raba za kutembelea mjini.

Kinachochosha hapa ni joto lenye unyevu, urefu wa njia hauna neno. Mwili hupoa jasho linapokauka kwenye ngozi. Ukiwa Coco Beach upepo wa bahari unakusaidia kulikausha. Ndani ya msitu upepo haufiki, hewa imejaa unyevu, na jasho linabaki kwenye fulana linachuruzika bila kukupoza. Kivuli unakiona, lakini ubaridi hauupati. Ongeza kushuka na kupanda: njia haikupeleki juu mara moja ukamaliza, inakushusha bondeni, inakupandisha, inakushusha tena, na magoti yanahesabu kila bonde. Halafu miti iliyoanguka, mizizi, na sehemu zenye udongo wa mfinyanzi ambao ukilowa unateleza kama sabuni.

Tunatoa mfano mmoja. Ilikuwa Februari. Kijana mmoja, mcheza mpira wa kila jioni kule Temeke, mwenye pumzi kuliko sisi sote, alikuja na lita moja na nusu. Saa mbili za kwanza alikuwa mbele akitutania. Baadaye akanyamaza. Mwongozaji wetu ndiye aliyegundua, kwa sababu alimsemesha mara mbili na kijana akajibu jambo jingine kabisa. Tukamkalisha. Alipewa chupa akashindwa kufungua kifuniko: vidole vyake vilikuwa vimejikunja na kukakamaa, vimebana kama vya mtu aliyeshika sindano. Uso mweupe pembeni mwa midomo. Tulimvua fulana, tukailowesha, tukamfunika kifuani na shingoni, tukampepea kwa kanga kama dakika arobaini huku akinywa maji yenye chumvi na sukari funda kwa funda. Aliporudiwa na akili tuligeuza wote, hakuna aliyefika kambini siku ile. Alipona. Tangu hapo hatuanzi kutembea kabla hatujakagua maji ya kila mtu, na hatumwonei aibu yeyote kumrudisha pale pale getini.

Nibebe maji kiasi gani?

Lita 4 kwa mtu mzima. Kati ya Desemba na Februari, lita 5. Ndiyo, ni kilo tano mgongoni, na ndiyo maana tunakwambia upunguze vitu vingine.

Maji matupu pekee hayatoshi, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi. Mtu anayekunywa maji mengi bila chumvi kwa saa nyingi naye anaweza kuzidiwa. Beba pakiti mbili za dawa ya chumvi ya kuzuia upungufu wa maji, zile wanazopewa watoto wanaoharisha, zinapatikana duka lolote la dawa. Ukizikosa, changanya mwenyewe nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima kwa kijiko, usikadirie kwa mkono.

Kunywa mafunda machache kila dakika ishirini, kiu iwepo isiwepo. Dalili nzuri ya kujipima ni mkojo. Ukiwa wa manjano iliyokolea, kama chai ya rangi, umechelewa. Simama, kunywa, mwambie mwongozaji.

Siwezi kuchota maji njiani?

Usitegemee. Vijito vingi hukauka kiangazi, na maji ya mabwawa na madimbwi yanaweza kuwa na kichocho na vijidudu vya kuharisha. Hata kuoga humo tunakataza.

Shikamoo. Baba yangu ana miaka 61 na anataka kuja. Mnamruhusu?

Mlete mzee, tunamkaribisha. Umri wenyewe si tatizo. Tunachouliza ni kama anaweza kutembea kilomita 15 na kesho yake akaamka akafanya shughuli zake. Kama ana presha au kisukari, azungumze na daktari wake kwanza, aje na dawa zake, na amwambie mwongozaji pembeni kabla hatujaondoka. Baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini, kwa hiyo kwake joto ni jambo zito zaidi.

Tuliwahi kutembea na fundi cherehani mmoja wa Buguruni, mzee wa miaka 66. Vijana walimpita wote asubuhi, naye akawa anakwenda mwendo mmoja tu, hatua fupi, bila kusimama simama, anakunywa maji kila tunapovuka bonde. Tulipofika kambini alikuwa wa nne. Jioni wakati wengine wanaburuta miguu, yeye alikuwa amembebea binti mmoja begi.

Na watoto?

Chini ya miaka 14 hapana, kwa safari hii. Ziko njia fupi za saa moja au mbili upande wa Pugu zinazowafaa watoto, na tunakushauri uanzie huko.

Miezi gani ni mizuri?

Juni hadi Septemba. Masika yameisha, njia zimekauka, asubuhi kuna kaubaridi, na jua halichomi sana. Mwezi wa Machi hadi Mei hatupangi safari ya kambini kabisa: mabonde yanajaa na udongo haukanyagiki. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, tunaangalia hali ya hewa wiki ile ile. Januari na Februari inawezekana, ila kwa wazoefu tu.

Miezi hiyo mizuri ina dosari moja: ndiyo miezi ambayo upupu umekauka. Soma maswali mawili yanayofuata.

Nivae nini?

Suruali ndefu nyepesi na fulana au shati la mikono mirefu, kwa sababu ya upupu, miiba, kupe na mbu. Suruali ya jinzi tunaikatalia: ikilowa jasho inakuwa nzito na inachubua mapaja. Soksi ndefu, na suruali uichomeke ndani ya soksi. Dada zetu wanaovaa dera au baibui wanakaribishwa. Vaa suruali ndani na nguo ya juu ifungwe kiunoni isikokote chini, maana mizizi na miiba hushika pindo.

Viatu ndivyo vitakavyoamua siku yako. Huna haja ya buti za bei kubwa. Nenda Karume kwenye mitumba, tafuta raba yenye soli ya meno, igeuze uangalie kama meno hayajalika, ikunje katikati: ikikunjika kama chapati, iache. Inunue kubwa kidogo, kwa sababu mguu huvimba kwa joto na kidole gumba hugonga mbele wakati wa kushuka. Usije na kiatu ambacho hujawahi kukivaa hata siku moja. Ndala na kandambili zibaki kwenye begi, zitakufaa kambini.

Upupu ukinipata nifanyeje?

Upupu ni mmea unaotambaa, wenye maganda yaliyofunikwa vinyweleo vya rangi ya dhahabu. Yakikauka, upepo au bega lako tu linatosha kuvipukutisha. Utajua umepatwa kwa sababu muwasho wake hauna mfano.

Usijikune na usimwage maji haraka, vyote viwili vinavisambaza. Simama, vua nguo iliyoguswa, chukua selotepu pana ubandike na kubandua kwenye ngozi mara kadhaa, utaona vinyweleo vikitoka nayo. Sisi tunatembea na selotepu mbili kila safari. Waliokulia vijijini wanajua kupaka majivu makavu na kuyakung'uta, nayo husaidia. Baada ya hapo ndipo sabuni na maji. Vikiingia machoni, hapo suuza kwa maji mengi safi na twende hospitali.

Kuna wanyama wakali? Nyoka je?

Utakaowaona kwa uhakika zaidi ni kima, tumbili, na nyani. Nyani wa njia za watu wamezoea begi; usiwape chakula na usiache begi wazi. Ukitembea kimya unaweza kumwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, akikimbia juu ya majani makavu kwa kishindo ambacho hukitarajii kutoka kwa kiumbe cha ukubwa ule. Aliyeko Pugu ana rangi ya hudhurungi mbele na nyeusi mgongoni. Wapo pia komba wadogo sana, akiwemo komba wa Rondo, ambaye duniani kote anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania. Kwa ajili ya ndege peke yao kuna watu wanatoka nchi za mbali kuja hapa, na wewe unaweza kuja kwa daladala.

Nyoka wapo, ni msitu. Wengi wanaondoka wakisikia mtikisiko wa miguu. Hatari zaidi ni kifutu, kwa sababu yeye hakimbii: analala njiani amefanana na majani na unamkanyaga. Kwa hiyo angalia unapokanyaga, usiruke gogo bila kuona upande wa pili, panda juu yake kwanza, na usipeleke mkono mahali ambapo jicho halijafika.

Mtu akiumwa: mtulize, mkalishe, mvue pete, bangili na kiatu upande ulioumwa kabla havijabana. Ufunge mguu au mkono kwa fimbo na kitambaa ili usichezeshwe, kisha abebwe, asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, na usipoteze muda na jiwe la nyoka. Dawa iko hospitali. Kumfukuza nyoka ili mumuue ni kutafuta mgonjwa wa pili.

Siafu?

Hasa baada ya mvua. Ukiona mstari mweusi unaovuka njia, ruka na usisimame pale kuwasubiri wenzako. Wakishakupanda, toka mbio mita kadhaa, vua suruali bila aibu, mng'oe mmoja mmoja. Kila mtu atageukia upande mwingine, ndiyo adabu yetu.

Tunaweza kwenda wenyewe bila mwongozaji?

Hapana, na sababu hasa ni njia za mkaa.

Msitu huu umekatwakatwa na vijia vya watu waliokuwa wanaingia kuchoma mkaa. Kwa macho ya mgeni, kijia cha mkaa ni kizuri kuliko njia yenyewe: kipana, kimenyooka, kina alama za matairi ya baiskeli. Unakifuata kwa furaha nusu saa. Halafu kinaishia mahali penye duara la udongo mweusi, laini kama unga chini ya kiatu, vipande vya mkaa vimezagaa, visiki pembeni vikichipua upya. Hapo ni tanuri la zamani. Mbele hakuna njia, na ukigeuka nyuma unakuta vijia vitatu vyote vinafanana na ulichokuja nacho. Tumewahi kuzunguka saa nzima kwenye eneo ambalo mwongozaji alitutoa kwa dakika kumi.

Yeye aliangalia nini? Alituonyesha mti wa msandarusi, magome yake yenye utomvu uliogandamana, akasema kila safari anapita akiuona mkono wake wa kushoto, na sasa uko kulia. Ramani ya simu haina habari hiyo. Zaidi ya hapo, waongozaji wengi ni wenyeji wa vijiji vya jirani, na kila siku wanayolipwa kwa kuongoza wageni ni sababu mojawapo ya kuona msitu uliosimama una faida.

Vibali na malipo vikoje?

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kila anayeingia hulipa kiingilio, na viwango vya raia wa Tanzania ni tofauti na vya mgeni kutoka nje. Kulala kambini kuna tozo yake. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki, na unabaki na risiti. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi kwa ajili ya kiingilio. Viwango vya wakati huo tunavituma pamoja na tangazo la safari.

Nafikaje?

Daladala za Gongo la Mboto zinatoka pande nyingi za mji, na zipo zinazoendelea hadi Kisarawe kupitia Pugu Kajiungeni. Tunakutana Gongo la Mboto saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunapanda pamoja. Anayetoka mbali, Bunju au Kibada, mara nyingi analala kwa ndugu upande huu usiku ule. Mwenye gari anakaribishwa, ila ajue ataendesha akiwa amechoka jioni.

Njiani mnapita karibu na maeneo ya jeshi. Simu ibaki mfukoni, hakuna kupiga picha dirishani.

Ratiba ya siku?

Saa moja na nusu asubuhi tunaanza kutembea. Saa sita mchana tunakuwa kambini. Saa saba na nusu tunageuza, na kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili kasorobo tunatoka msituni.

Saa sita hiyo ina sheria yake: ikifika, popote tulipo, tunakaa, tunakula, na baada ya mapumziko tunageuza, hata kama kambi iko mbele ya macho. Watu wamewahi kutununia kwa hili. Juni jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi, na chini ya miti giza linaingia mapema zaidi ya hapo. Mtu aliyechoka, gizani, kwenye mteremko wenye mizizi, ndiye anayevunjika kifundo cha mguu. Kambi itakuwepo mwezi ujao.

Chakula?

Kitu kisichoharibika kwa joto na kinacholika bila kelele nyingi: mayai ya kuchemsha, chapati, maandazi, mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, karanga, tende. Karanga zenye chumvi ni rafiki wa kweli mchana ule. Wali wa nazi wa tangu jana usiku uache nyumbani. Ifikapo saa sita umechacha. Asubuhi usije na njaa. Kunywa uji kabla ya kutoka.

Msimu ukikubali, mwongozaji atawaonyesha mbungo, mtambazi mkubwa unaopanda miti, na matunda yake ambayo wengi wetu tunayajua kama juisi tu ya kwenye glasi. Watu wa mjini husimama pale muda mrefu.

Nimebakiza nini cha kubeba?

Tochi yenye betri mpya hata kama ni safari ya mchana, filimbi, dawa ya mbu ya kupaka, kofia, plasta za malengelenge, karatasi ya chooni, na kanga au kikoi. Kanga usiidharau: ni shuka, kivuli, pepeo, bandeji, pazia la kubadilishia nguo, na machela ya dharura ukiifunga kwenye fimbo mbili pamoja na nyingine. Simu iwe na chaji. Mtandao unapatikana juu ya vilima na kupotea mabondeni.

Naswali. Nitapata nafasi?

Ndiyo. Adhuhuri inatukuta kambini, pana sehemu safi ya kutandika mkeka. Ongeza chupa ndogo ya maji ya udhu kando na maji ya kunywa. Mwezi wa Ramadhani hatupangi safari hii kabisa, kufunga na joto la humu haviendani.

Kulala kambini kukoje?

Ukiweza, lala. Baada ya saa moja usiku msitu unabadilika kabisa. Chura wanaanza bondeni, halafu komba mkubwa analia juu ya kichwa chako, sauti kama ya mtoto mchanga aliyekasirika, na anayelala pale kwa mara ya kwanza lazima akae kitako. Kwa mbali unasikia honi ya treni, na taa za ndege inayoshuka Uwanja wa Ndege zinapita juu ya majani. Uko msituni na jiji linapumua karibu yako. Asubuhi ndege wanakuamsha kabla ya alamu.

Mahitaji: hema lenye chandarua na zipu nzima, mkeka au sponji nyembamba, shuka, na maji lita 8 kwa mtu kwa siku mbili. Kwa sababu ya uzito huo, wanaolala hupanga mapema na mwongozaji jinsi maji yatakavyosogezwa. Kupika tunatumia mtungi mdogo wa gesi. Moto wa kuni ni kwa ruhusa ya wahifadhi tu, ndani ya mawe yale, na hauachwi mpaka mkono wako uweze kugusa majivu.

Zipu ya hema ifungwe muda wote, na viatu uvikung'ute asubuhi kabla ya kuvaa. Nge hupenda kujificha ndani ya kiatu.

Kwa nini mnakazana sana na takataka na kuni? Si msitu tu?

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Maji yanayotiririka Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini pale Daraja la Selander, safari yake inaanzia huku. Msitu ukiwa mzima, mvua inanyesha juu ya majani, inadondoka taratibu, inanywewa na udongo wenye mizizi, na inatolewa kidogo kidogo. Msitu ukikatwa, mvua ile ile inapiga udongo mtupu na kuteremka kwa mkupuo mmoja, na mchanga wake. Kila mtu wa Dar ameona Jangwani barabara imefungwa na mabasi yamekwama. Mvua kubwa na ujenzi mabondeni vina sehemu yao, lakini na kilima kilichonyolewa kina sehemu yake.

Huu ni msitu wa zaidi ya hekta 7,000, kipande kilichosalia cha misitu ya pwani ambayo ni ya kale sana na yenye mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Umeng'atwa pembeni kwa miaka mingi na mkaa, mashamba na viwanja. Mkaa ule haukuliwa na watu wa Kisarawe peke yao. Ulipikia maharage yetu mjini. Ndiyo maana tunajali, na tunaomba ujali ukiwa ndani.

Kwa vitendo: kila ulichoingia nacho unatoka nacho, hata ganda la yai na kokwa la tende. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, tumia mfuko wa kitambaa. Ukibanwa mbali na choo cha kambi, sogea hatua mia moja kutoka kwenye njia na kijito, chimba shimo la kina cha kiganja kizima, fukia. Usichonge jina kwenye mti. Hatuchumi, hatukati, hatuokoti kuni. Mbegu za mkongo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, zinavutia sana, nazo ziache zilipoangukia.

Pango la popo tutapita?

Si katika safari hii, liko upande mwingine na linahitaji muda wake.

Mtu akiumia ndani, mnafanyaje?

Kila kundi lina mwongozaji, mtu wa nyuma ambaye hapitwi na yeyote, na sanduku la huduma ya kwanza. Aliyeumia hatembezwi peke yake na haachwi peke yake. Simu ya polisi ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe ndiyo ya karibu tukitokea upande ule. Lakini elewa ukweli huu: kutoka kambini hadi mahali gari linapofika ni saa kadhaa za kubeba mtu. Kwa hiyo mwambie mwongozaji maumivu yakiwa madogo. Lengelenge lililowekewa plasta saa tatu asubuhi halimzuii mtu. Lililofichwa hadi saa nane linachelewesha watu kumi na wawili.

Ukirudi nyumbani jikague kupe, kwapani, nyuma ya magoti na kiunoni. Ukipata homa ndani ya wiki mbili, nenda kapime malaria na umwambie daktari ulikuwa msituni.

Nikichelewa kituoni mtanisubiri?

Dakika 15, zaidi ya hapo tunaondoka, kwa sababu kila dakika ya asubuhi tunayoipoteza tunailipa mchana kwenye joto. Ukiona umechelewa, usitufuate kwa bodaboda ukaingia msituni peke yako. Piga simu, rudi ukalale, na nafasi yako tutaihamishia safari inayofuata.